Aliyewapa Walimu Mgongo

Alipoingia katika darasa la mtu mwingine hakwenda kukaa nyuma kama wakaguzi wanavyofanya. Alichukua kiti, akakibeba mwenyewe hadi mbele, akakiweka kando ya ubao, akaketi akiwatazama wanafunzi. Mgongo wake uliuelekea uso wa mwalimu. Walimu wengi wa mji wetu wa Bunia hawakumpenda kwa ajili hiyo. Mmoja wao, mwanamume wa makamo aliyefundisha hesabu, siku moja alisimamisha somo akamuuliza mbele ya watoto:

"Madamu, ulikuja kuniangalia ao ulikuja kunipa mugongo?"

Alimjibu bila kugeuka. "Weye, Mwalimu, ninakujua. Vile unafundisha ni vile miye nilifundishwa. Niache niangalie hawa."

Sisi tulimwita Mama Asistani. Katika chuo cha ualimu pale mjini, asistani ni ngazi ya chini ya wale wanaofundisha. Mtu hukaa hapo miaka michache, anaandika tezi, yaani tasnifu yake ya shahada, anapanda. Wenzake walioanza naye walipanda, wengine wakahamia Kisangani na Kinshasa, na wakirudi Bunia likizoni watu waliwaita Profesa. Yeye alibaki pale pale mpaka cheo kikageuka jina. Hata mama aliyemuuzia samaki wa Kasenyi, kule ziwani, alimwita hivyo, akidhani ndilo jina alilopewa kwa ubatizo.

Tezi ambayo hakuimaliza ilihusu jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza unadhani ni dogo: mwanafunzi hufanya nini wakati anafundishwa. Alikuwa akisema kwamba vitabu vyote alivyosoma vilieleza mwalimu afanye nini, wakubwa wa ofisi waliandika mwalimu afanye nini, wazazi nao walilalamika juu ya yale ambayo mwalimu hafanyi. Katikati ya maneno hayo yote mtoto ameketi kwenye benchi, macho wazi, na hakuna anayejua yuko katika kazi gani. Alitaka kuijua kazi hiyo. Aliitafuta katika shule za msingi, katika vyumba vya ushonaji, kwa mafundi wa magari, na mwishowe kwetu sisi, wasichana na wavulana tuliokuwa tunajifunza uuguzi na ukunga.

Nilimfahamu hapo. Nilikuwa mwaka wa kwanza. Baada ya somo la anatomia alisimama mlangoni akamzuia kila mmoja wetu kwa swali lile lile. Mimi nilifikiri ni mtihani.

"Weye, ulifanya nini leo?"

"Tulisoma mifupa ya nyonga, Madamu."

"Siulizi mulisoma nini. Nauliza weye ulifanya nini. Mikono yako, macho yako, kichwa yako."

Nilitazama daftari langu. Nyuma yangu wenzangu walikuwa wanasukumana watoke, njaa ilikuwa inatuuma.

"Niliandika," nikasema.

"Uliandika nini?"

"Ile mwalimu aliandika kwa tablo."

"Na ile iko kwa tablo, ulikuwa unaifikiri?"

"Hapana, Madamu. Nilikuwa naogopa mwalimu atafuta tablo mbele ya miye kumaliza."

Uso wake ukalainika. Aliniwekea mkono begani kama mtu anayetoa pole kwa msiba. "Aksanti," akasema. "Weye umenisaidia." Niliondoka nikijiona mjinga, na pia, bila kuelewa kwa nini, nikijiona nimeheshimiwa.

Mtu angedhani mwanamke wa namna hiyo alifundisha kwa njia mpya. Hakufanya hivyo. Katika shule yetu ya uuguzi alifundisha pia kozi ya jinsi ya kuwafunza akina mama habari za afya, na alifundisha kwa kutusomea. Aliingia, akatoa karatasi zake, akasoma polepole kwa Kifaransa saa nzima, na sisi tukaandika. Alirudia mwisho wa kila sentensi, akataja hata nukta na koma. Usingizi uliokuwa katika chumba kile ungeweza kuushika kwa mkono. Siku moja mwenzetu mmoja, kijana wa Mahagi asiyeogopa mtu, aliinua kidole.

"Mama Asistani, na siye sasa tunafanya nini?"

Chumba kizima kikaamka. Yeye alishusha karatasi. Alitutazama, safu baada ya safu, jinsi alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wa walimu wengine.

"Munaandika," akasema.

"Basi?"

"Basi."

Alikusanya karatasi zake akatoka. Tulifikiri juma lijalo atakuja na kitu kingine. Alikuja na karatasi zile zile, akaendelea pale alipoachia. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimeshazoea kuongea naye bila woga, nilimuuliza juu ya hilo. Hakujitetea. Alisema alijua ni vibaya, na kila usiku kabla ya kutufundisha aliandaa somo jingine, lenye kazi na maswali. Lakini akifika mbele ya watu mdomo ulirudi kwa njia ya masista waliomlea shuleni. "Kujua ni kitu moja," alisema. "Mwili iko na masomo yake ya zamani. Haisikilizi tezi." Alisema kwa huzuni ya kweli. Nadhani hapo ndipo nilipoelewa kwamba utafiti wake haukuwa wa kuwahukumu walimu. Alikuwa anajitafuta na yeye mwenyewe ndani yao.

Aliishi Mudzipela na binti wa marehemu dada yake. Hakupenda kupanda moto, yaani pikipiki za kubeba watu, ingawa vijana wake walimwita kila kona. Alitembea kwa miguu hadi chuoni na kila mara alichelewa, kwa sababu njiani kulikuwa na mtu anayejifunza kitu: msichana anayekaanga mikate kwa mara ya kwanza huku shangazi yake akimfokea, kijana anayebandika kiraka kwenye tairi. Alisimama akatazama mpaka watu wakaona haya. Kwake nyumbani uvumilivu huo haukuwepo kabisa. Binti yule alinisimulia kwamba akipika ugali ukawa na madonge, Mama Asistani alimnyang'anya mwiko papo hapo akamaliza mwenyewe. Binti akamkumbusha yale anayoyahubiri mjini, na yeye akajibu: "Hapa miye si mutafiti. Hapa niko na njaa."

Walioanza naye walipokuwa wanajadili kwa nini hakupanda cheo, wengi walisema ni uvivu, au kiburi. Mimi najua sababu tatu, na hakuna hata moja kati yao iliyo uvivu.

Ya kwanza ni Djugu. Shule alizozichagua mwanzoni zilikuwa huko vijijini, juu milimani, kwenye njia ya kwenda Kpandroma. Alizifuata muda mrefu. Aliwajua watoto kwa mahali walipoketi: yule anayetafuna kola ya shati akifikiri, yule anayemwandikia jirani yake jibu kwenye paja kwa kidole. Kisha mauaji yakaanza tena, vijiji vikaungua, shule zikabaki kuta. Mwalimu mmoja aliyekuwa amemfungulia darasa lake, ambaye alikuwa wa kwanza kugeuka naye pia kuwatazama watoto kama anavyowatazama yeye, aliuawa barabarani akikimbia na wanafunzi wake. Watoto walitawanyika. Wengine walifika Bunia, wengine walivuka ziwa kwenda Uganda, wengine hakuna aliyeweza kusema.

Profesa aliyemsimamia alimshauri achague shule nyingine mjini aanze upya. Alikuwa mtu mwema, na ushauri wake ulikuwa wa busara. Mama Asistani alimwambia hawezi. Jibu lake alinieleza mwenyewe, tumekaa uani kwake tunachambua maharage.

"Nikiandika 'mutoto wa safu ya mbele', ninamuona," alisema. "Sasa nitaandika anafanya, ao nitaandika alikuwa anafanya? Sijui kama iko hai. Sitaweza kuandika ile neno."

Badala ya kuandika alikwenda kuwatafuta. Alizunguka katika kambi za wahamishwa pembezoni mwa mji, hema kwa hema, akitaja majina ya vijiji na majina ya walimu. Aliwapata wachache. Mmoja alikuwa msichana ambaye zamani hakusema neno darasani. Sasa alikuwa amekusanya watoto wadogo chini ya turubai na kuwafundisha kusoma kwa kuandika mchangani. Mama Asistani aliketi kando yake siku nzima. Sijui walisema nini. Alirudi jioni akaniambia tu kwamba msichana yule, kabla ya kuuliza swali, anasubiri watoto wote wamtazame. Mwalimu aliyeuawa ndiye aliyekuwa akifanya hivyo.

Sababu ya pili ilimletea maadui, na ilimletea majonzi makubwa kuliko maadui. Shirika moja lilifungua mafunzo ya ushonaji kwa wanawake wa kambini. Lilimwomba Mama Asistani aje kupima kama wanajifunza. Alikwenda, akaketi kama kawaida yake, akiwatazama. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mabenchi. Fundi alisimama mbele akiwa na cherehani moja iliyofunguliwa na kuwaeleza sehemu zake. Cherehani nyingine, mpya, zilipangwa ukutani zimefunikwa vitambaa, kwa sababu wageni walikuwa wanatarajiwa na mkubwa wa mradi aliogopa zitaharibika kabla hawajaziona. Wageni walikuja. Wanawake walisimama kila mmoja nyuma ya cherehani yake, wamevaa vitenge vya namna moja, wakapigwa picha.

Wageni walipoondoka, Mama Asistani alimwomba mama mmoja mwenye umri, mkulima kutoka upande wa Kpandroma, amuonyeshe jinsi ya kupitisha uzi kwenye sindano ya cherehani. Mama yule alikunja mikono kifuani.

"Hii mashini siye tunaijua kwa macho," alisema. "Kwa mikono bado."

Hilo ndilo aliloliandika katika raporti yake. Mkubwa wa mradi alimfuata mpaka nyumbani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelala vibaya, unaona kwa macho yake.

"Mama, ukiituma hivi, kule juu watafunga. Hawataleta mwalimu mwingine. Watafunga tu. Badilisha maneno kidogo. Sema banaanza kujifunza."

"Banaanza kukaa," akasema Mama Asistani. "Ile ninaweza kuandika."

"Unawaza kuhusu tezi yako. Hao wanamuke unawaza saa ngapi?"

Aliituma. Mradi ulifungwa. Cherehani zilibebwa kwenye lori, zikiwa bado na vitambaa vyao juu.

Wiki zile zilizofuata alikwenda kambini kama kawaida, na yule mama wa upande wa Kpandroma alimngojea kwenye njia. Hakupiga kelele. Alisema, "Mama, weye ulisema kweli. Siye tumebaki na kweli yako. Mashini haiko." Mama Asistani aligeuka akarudi mjini. Aliniambia baadaye kwamba angeombwa raporti tena angeandika vile vile, na hilo ndilo lililomuuma zaidi: kwamba hakuweza hata kujuta vizuri.

Badala ya kuiandika tezi alikwenda kwa mshonaji mmoja wa Mudzipela, mwanamume mkali mwenye kibanda cha mbao, akamwomba awachukue wanawake wachache wakae naye na kushika kazi. Mshonaji alikataa. Akaenda tena. Mwishowe alikubali kuchukua wawili, halafu wawili wengine, na miongoni mwao alikuwa mama yule. Mama Asistani aliwasindikiza asubuhi za kwanza, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mwaka uliofuata nilimwona mama yule akishona sare za shule. Nilipomtajia Mama Asistani habari hiyo kwa furaha, alitikisa kichwa. "Bane tu," alisema, akiinua vidole vinne. "Wengine walikuwa wengi." Hakutaka niigeuze kuwa hadithi njema.

Sababu ya tatu inanihusu mimi.

Tulipopelekwa materinite, wodi ya wazazi, kufanya staji, yaani mazoezi ya kazi, alitufuata. Alikuwa amepewa ruhusa kwa sharti moja ambalo yeye mwenyewe alilitilia mkazo: asiguse kitu, asiseme neno. Alivaa bluzi nyeupe ya wauguzi iliyomzidi mabega, akasimama pembeni. Tulimzoea hata tukamsahau. Jioni, baada ya kazi, alituweka katika chumba kitupu na kutufanya turudie kwa mdoli wa matambara alioushona yeye mwenyewe, vibaya mno, yale tuliyoyaona mchana. Hakutukosoa. Alitazama mikono yetu tu.

Asubuhi moja mama kijana alijifungua salama, mtoto akalia, tukacheka. Mkunga mkubwa akatoka kwenda kwa mgonjwa wa chumba cha pili. Nikabaki na mama. Kondo ilikuwa imeshatoka. Kisha nikaona damu. Haikuwa ile ya kawaida. Ilikuja bila sauti na haikusimama, ikajaza shuka, ikaanza kudondoka sakafuni. Nilijua ni nini. Ningeweza kukusomea sababu zake zote kwa Kifaransa, kwa mpangilio, na nukta zake. Nilipiga kelele kumwita mkunga, na baada ya hapo mikono yangu ilining'inia kama si yangu. Midomo ya yule mama ilikuwa inapauka. Alinitazama akauliza, "Dada, iko nini?"

Hapo nikasikia sauti kutoka pembeni, kavu, bila haraka.

"Fanya ile ya jana. Ile ya mudoli."

Mikono ikaenda. Ilikwenda kabla yangu. Niliweka kiganja chini ya kitovu nikatafuta, nikapata tumbo la uzazi, laini kama unga uliokandwa na maji mengi, nikalikanda, nikalikanda, nikihesabu pumzi zangu kwa sauti. Mkunga aliingia mbio na sindano ya dawa, akanipata nimeshika. "Usiachilie," akasema. Sikuachilia. Polepole lilikaza chini ya mkono wangu, likawa gumu kama ngumi. Damu ikapungua. Yule mama aliishi. Mtoto wake sasa anasoma.

Jioni nilimkuta Mama Asistani ameketi kwenye ngazi za nje, bluzi mapajani. Nilitaka kumkumbatia. Nilimwambia sasa tezi yake imepata ushahidi: tuliyoyarudia kwa mikono yametoka, tuliyoandika hayakutoka.

"Hapana," akasema. "Ile siku imeharibika. Nilisema neno."

"Lakini neno lile liliokoa mtu!"

"Njo maana nililisema. Nitalisema tena. Lakini siwezi kuandika kwamba mikono yako ilikumbuka yenyewe. Sitajua tena. Na weye hutajua." Alikunja bluzi kwa uangalifu. "Siku zote za kwenu nimeziondoa. Mtu aliye pembeni lazima anyamaze, na miye sikunyamaza."

Nilimwona akizitoa kazi za miezi ile kwenye tezi yake kama mtu anayeng'oa muhogo mchanga. Profesa alimwambia anaweza kueleza tukio lile kwa uaminifu na kuendelea. Alikataa. Mpaka leo sijui kama alikuwa na haki. Nimesoma kidogo, na nadhani profesa ndiye aliyekuwa sahihi. Nimemwambia hivyo. Alisema labda.

Sasa mimi ndiye ninayewasimamia wanafunzi wa uuguzi wakija hospitalini. Mwaka jana, wakati wa mvua, niliingia wodi ya wanawake asubuhi nikamkuta Mama Asistani kitandani. Figo, walisema madaktari, na moyo. Alikuwa amekonda, mishipa ya mikono imejificha. Alinisalimu kwa cheo changu cha kazi, kwa kunitania, kisha akafumba macho.

Alihitaji seromu, maji ya kutiwa mshipani. Mwanafunzi niliyekuwa naye asubuhi ile alikuwa msichana wa mwaka wa pili, mwenye bidii. Nilimpa trei. Alimfunga mkanda mkononi, akasafisha ngozi, akachoma, akakosa. Doa la damu likaenea chini ya ngozi. Vidole vya miguu vya Mama Asistani vilijikunja chini ya shuka. Msichana alinitazama, machozi tayari. Nilivaa glavu. Nilinyoosha mkono kuchukua sindano mpya, kwa kuwa alikuwa yeye, na sikutaka achomwe ovyo kama mgonjwa yeyote.

"Weye ukichoma, pembeni atakaa nani?" akauliza Mama Asistani, macho bado yamefumbwa.

"Mama, nitakuchoma miye. Mara moja tu."

"Najua weye unaweza. Muache."

"Mama, mishipa yako—"

"Muache, mutoto wangu."

Nilirudi nyuma hatua. Msichana alipumua. Safari hii hakukimbilia kusafisha. Alipitisha kidole juu ya mkono ule, polepole, kutoka kiwiko kwenda chini, akapita mahali nilipopaona mimi, akaendelea, akasimama upande wa kidole gumba. Akabonyeza, akaachilia, akabonyeza tena. Kisha akachoma, na damu ikaingia kwenye mrija.

Seromu ikaanza kudondoka. Ndipo Mama Asistani alipofungua macho, akageuza kichwa chake kwenye mto. Hakunitazama mimi. Alimtazama msichana.

"Mara ya pili ulifanya nini?"

Msichana alinigeukia, akidhani ni mtihani, akitaka nimpe ishara ya jibu. Niliangalia dirisha.

"Nilitafuta na kidole, Mama. Mara ya kwanza nilitafuta na macho."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna mutu. Niliona macho imenidanganya."

"Ongea tena," akasema Mama Asistani, na akasogeza mkono wake ulio huru, akapapasa ukingo wa kitanda pale mtu anapoweza kukaa. "Ongea polepole. Kidole ilisikia nini?"

Msichana akaketi. Nilivua glavu zangu, nikazitupa, nikatoka wodini, nikawaachia kazi yao.